Gari Likisimama Haina Maana Dereva Amepumzika

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa dereva kijana aliyeanza safari za masafa marefu hivi karibuni. Baada ya shikamoo na kunitakia heri, aliniuliza kama bado kuna haja ya kujaza daftari la saa za kazi, ilhali lori analoendesha limefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, na msimamizi wake amemwambia kwamba kompyuta ya ofisini inaona kila kitu. Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu nami nilikuwa njiani, lakini swali lake linastahili jibu refu, na naamini litamfaa kila dereva anayetaka kuifanya kazi hii kwa miaka mingi, kwa heshima, na kuiacha akiwa bado na afya yake.

Mdogo wangu, kompyuta ya ofisini haioni kila kitu. Inaliona gari. Inajua lilipowashwa, lilikopita, lilikwenda kwa kasi gani na lilisimama wapi, lakini haijui mtu aliyekuwa ndani yake alikuwa akifanya nini wakati limesimama. Katika kazi yetu, sehemu kubwa ya uchovu hutoka katika saa ambazo magurudumu hayazunguki kabisa: foleni ya mizani, foleni ya kupakia, kukagua matairi, kukaza mikanda na turubai, kusimamia hesabu ya mzigo, kusubiri hati zigongwe mhuri. Kwenye ramani ya ofisini muda huo wote ni nukta moja isiyosogea, na mtu ambaye hajawahi kushika usukani huitazama nukta hiyo akaamini kwamba dereva amelala.

Mimi jambo hilo lilinifika. Katika kampuni moja niliyoitumikia zamani, nilifika alfajiri kwenye ghala la kushushia mzigo baada ya kuendesha usiku, nikapangwa kwenye foleni. Haikuwa foleni ya kuegesha gari ukapanda kitandani, kwa kuwa kila lori la mbele liliposogea sote tulipaswa kusogea, na aliyechelewa alirukwa na wa nyuma yake. Zamu yangu ilifika jioni, na kuhesabu shehena kukaendelea hadi giza likaingia. Nilipokuwa natafuta mahali pa kulala, nikapigiwa simu na kuamriwa nigeuze gari usiku huohuo kwenda kuchukua mzigo mwingine, kwa maelezo kwamba nilikuwa nimepumzika mchana kutwa. Nilikataa kwa adabu, nikaeleza hali yangu, nikazima injini nikalala. Niliporudi kituoni nilikabidhiwa barua ya onyo iliyonituhumu kwa kukaidi amri na kulichelewesha gari la tajiri kwa makusudi.

Kwenye kikao waliweka mezani karatasi zilizochapishwa kutoka kwenye kompyuta, zikionyesha lori limesimama tangu alfajiri hadi usiku. Mimi niliweka daftari langu. Humo mlikuwa na saa niliyofika getini, ikilingana na mhuri wa mlinzi uliokuwa kwenye hati ya mzigo. Saa niliyoingia kwenye foleni na kila mara tuliposogezwa. Saa na namba ya jukwaa nililoitiwa. Saa ya kuanza na kumaliza kushusha. Saa mpokeaji alipotia sahihi. Hakuna mstari ulioachwa wazi, wala uliofutwa na kuandikwa upya. Msimamizi aliusoma ukurasa ule mara mbili bila kusema neno, kisha mwenzake akauchukua akausoma pia. Barua ya onyo iliondolewa kwenye faili langu.

Hakuna aliyeniomba radhi. Miaka imepita na bado linaniuma, kwa maana si jambo dogo kuitwa mkaidi mbele ya watu ambao umewafikishia mali yao salama mara kwa mara, kisha kosa likionekana si lako, kila mtu akainuka kimya na kwenda zake. Niliiacha kazi ile kwa hiari yangu. Leo mwajiri wangu huniita kila anapoajiri madereva wapya ili niwafundishe kujaza daftari, na kazi hiyo naifanya kwa fahari.

Wapo wanaodai kwamba kuandika kwa mkono ni mambo ya zamani. Wajue kwamba Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1979 kuhusu saa za kazi na mapumziko katika usafiri wa barabarani, unaitaka mamlaka ya kila nchi inayouridhia kuweka utaratibu wa daftari binafsi la dereva. Mkataba huohuo unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa 9 kwa siku au 48 kwa wiki. Marekani ilianza kuwadai madereva wengi wa malori vifaa vya kielektroniki vya kurekodi saa za kazi mnamo Desemba 2017, lakini hata huko kifaa kikiharibika na kushindwa kurekodi, dereva hurudi kwenye karatasi, naye hutakiwa kuwa na kumbukumbu za siku hiyo na za siku 7 zilizotangulia. Katika Umoja wa Ulaya, takografu, yaani kifaa cha garini kinachorekodi mwendo na saa za dereva, ikiharibika, dereva huandika shughuli zake kwa mkono. Ndiyo kusema, asiyejua kuandika saa zake hana pa kushika siku mashine inapozima.

Karatasi ya Kimarekani ina jambo moja ambalo ningependa kila dereva aliige, hata kama sheria ya kwao haimlazimishi. Siku nzima ya saa 24 huchorwa kwa mistari minne: mapumziko nje ya kazi, kulala kwenye kitanda cha lori, kuendesha, na kuwa kazini bila kuendesha. Mstari huo wa nne ndio ulioniokoa mimi. Kupakia, kukagua gari na kulilinda foleni vyote huingia humo, na mwisho wa siku jumla ya mistari yote minne lazima iwe 24, hivyo hakuna saa inayoweza kupotea bila kuonekana. Australia nao, ambao bado wana daftari rasmi la kuandikwa kwa mkono, huhesabu muda kwa vipande vya dakika 15: kazi ya dakika chache huhesabiwa kuwa kipande kizima, lakini mapumziko yasiyotimia dakika 15 hayahesabiwi kuwa mapumziko. Naiona kanuni hiyo kuwa ya haki kabisa, kwa sababu hakuna mtu aliyepata nguvu mpya kwa kusinzia dakika saba huku akisikiliza honi ya lori la nyuma.

Andika jambo linapotokea. Hili nalirudia kila ninapofundisha, na sitachoka kulirudia. Usingoje jioni, usingoje kufika, usiseme utakumbuka. Ukurasa uliojazwa wote kwa mkupuo mmoja hujulikana, kwani mwandiko ni mmoja, wino ni mmoja, na saa zote huishia kwenye sifuri. Tumia kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, kisha andika sahihi pembeni. Andika kwa mtindo wa saa 24, yaani 08:00 au 20:00, kwa sababu ukiandika "saa mbili" tu, anayesoma baada ya miezi mitatu hatajua kama ilikuwa asubuhi au usiku, na wewe mwenyewe unaweza usijue. Ukivuka mpaka kuingia nchi yenye saa tofauti, endelea na saa ya kituo chako cha kuanzia hadi urudi, la sivyo siku moja itakuwa na saa 25 na nyingine 23. Andika pia kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi unapoanza na unapomaliza, namba ya gari na ya trela, na namba ya hati ya mzigo. Na tena, andika jambo linapotokea.

Sasa nawageukia wale wenye madaftari mawili, moja la askari na moja la kweli. Ndugu zangu, mnajidanganya wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa uwezo kwa kiwango kinachokaribiana na cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi kinakutoa barabarani. Daftari la uongo litamridhisha mkaguzi, lakini halitakufumbua macho saa kumi usiku, wakati mwili wa kila binadamu unadai kulala. Zaidi ya hayo, siku utakapodai malipo ya saa zako za foleni, au utakapotuhumiwa kama nilivyotuhumiwa, kurasa hizo za uongo zitakuwa shahidi wa upande wa pili, tena zikiwa na sahihi yako.

Kwa hiyo usitie sahihi kwenye ukurasa mtupu hata ukiambiwa na nani, na usikubali mtu wa ofisini akujazie saa. Kabla ya kukabidhi karatasi, zipige picha na uzihifadhi mahali ambapo kampuni haina ufunguo. Nchini Marekani kampuni hutakiwa kutunza kumbukumbu hizo kwa miezi 6, na mimi naona dereva naye asitunze nakala zake kwa muda pungufu ya huo. Ukifika getini, mwombe mlinzi agonge mhuri na kuandika saa kwenye hati yako. Akikataa, andika daftarini kwamba umeomba akakataa, taja geti, saa, na namba ya lori lililokuwa mbele yako kwenye foleni.