Binti Aliyethibitisha Kwamba Kipeuo cha Pili cha 4 Si Sehemu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkufunzi msaidizi wa hisabati katika chuo kimoja hapa Moshi, na nimekabidhiwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza niwashauri kimasomo. Mmoja wao, binti aliyemaliza kidato cha sita kwa alama nzuri, alikariri uthibitisho kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu yenye namba nzima juu na chini. Kwenye semina nilimwita ubaoni afanye vivyo hivyo kwa namba nyingine aitakayo. Alichagua 4, akaweka 4 kila palipokuwa na 2, akafika mwisho bila kukwama. Darasa zima liliangua kicheko, na nakiri kwamba nami nilicheka. Tangu siku hiyo haongei darasani, na juzi alikuja ofisini kuniambia kwamba anataka kuhamia takwimu. Je, nimzuie? Na uthibitisho unafundishwaje kwa watu waliozoea kukariri?

Mkufunzi Msaidizi, Moshi

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nianze na kicheko. Hapo Mweka, juu kidogo ya mji wenu, alisoma Erasto Mpemba, ambaye alipokuwa sekondari alichekwa kwa kuuliza kwa nini maziwa ya moto ya aiskrimu yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam, walichapisha makala kuhusu swali hilohilo. Sisemi kwamba binti huyu naye amegundua jambo; amekosea, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 4 ni 2, ambayo huandikika kama sehemu: 2 juu, 1 chini. Hata hivyo, kosa lake lina manufaa kuliko uthibitisho sahihi uliokaririwa, na wewe ulilifuta ubaoni kabla ya kulitumia.

Mwite, umwombe radhi kwa maneno machache, kisha umpe karatasi aandike upya alichoandika siku ile. Usishike kalamu nyekundu. Mwulize tu: kwa kuwa sote tunajua jibu ni 2, ni mstari upi unaodanganya? Halafu nyamaza, hata dakika tano zikipita, maana washauri wengi hatuwezi kuvumilia ukimya na huishia kulifanya swali wenyewe. Aeleze kwa Kiswahili akipenda. Mtihani utakuwa kwa Kiingereza, lakini kufikiri kunatangulia mtihani.

Mstari wenyewe ni huu. Katika uthibitisho wa 2 tunasema kwamba mraba wa namba ukiwa shufwa, namba yenyewe ni shufwa, na hilo ni kweli kwa sababu witiri mara witiri ni witiri. Yeye alisema kwamba mraba ukigawanyika kwa 4, namba yenyewe hugawanyika kwa 4. Chukua 2: mraba wake ni 4, unaogawanyika kwa 4, lakini 2 haigawanyiki. Akiliona hilo mwenyewe, atajua kwamba sentensi aliyokuwa akiipita haraka ndiyo iliyobeba uthibitisho wote, na nyingine ni hesabu za kawaida tu. Darasani fanya hivyohivyo: kila uthibitisho unaoufundisha, utafutie namba inayouvunja, ndipo watauliza kwa nini nyingine haziuvunji.

Kuhusu takwimu, usimzuie wala usimsukume. Mweleze tu kwamba nadharia ya uwezekano katika miaka ya juu imejaa uthibitisho, kwa hiyo anayehama kwa kuukimbia ataukuta mbele. Kama anahama kwa kupenda takwimu, msindikize ofisi ya usajili kabla muda wa kubadili kozi haujafungwa.

Akikubali kurudi ofisini, mpe 3, ambayo ataimaliza, kisha umpe 12. Hapo hatua yake itavunjika tena, kwa kuwa mraba wa 6 ni 36, unaogawanyika kwa 12, ilhali 6 yenyewe haigawanyiki. Lakini safari hii hitimisho, kwamba kipeuo cha pili cha 12 si sehemu, ni la kweli, na itabidi atafute njia nyingine ya kulifikia. Mwachie wiki nzima, na akija mikono mitupu, mwulize tu 12 ni ngapi mara ngapi.