Barua ya nne msiiandike: fedha za serikali kwa jabia, nyumba na mitaa ya Lamu

Ujumbe umetufikia kutoka Kizingitini, kisiwani Pate, kaunti ya Lamu. Kikundi cha kina mama kimepeleka barua tatu kwa ofisi tatu, na zote zinasema neno moja: wanaomba serikali iwasaidie kukarabati jabia la kijiji, yaani birika la kukinga maji ya mvua, na nyumba za wajane. Miezi saba, hakuna aliyejibu. Sasa wanauliza ya nne waipeleke wapi.

Ya nne msiiandike. Kwanza litenganisheni ombi, kwa sababu jabia na nyumba ya mjane havitoki mfuko mmoja. Na huko ofisini barua inayoomba vitu viwili humpa karani sababu ya kuisukuma meza ya pili, na meza ya pili ikaisukuma ya tatu.

Jabia ni maji, na maji ya kijiji ni kazi ya kaunti. Katiba imegawa kazi hizo katika Jedwali la Nne. Ndiyo maana ombi la jabia likienda NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa jimbo la bunge, hufa kimya kimya: tangu sheria ya 2015, mfuko ule hugharamia kazi za serikali kuu tu, yaani madarasa, basari, vituo vya polisi na ofisi za machifu. Mbunge anaweza kuwapenda sana na bado asiweze kuwasaidia. Isitoshe, Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo inakwenda kinyume na katiba na kuipa mwisho wa 30 Juni 2026, kwa hiyo hata kwa darasa ulizeni kwanza mfuko uko katika hali gani.

Mlango ulio karibu zaidi na jabia ni fedha za kaunti za mabadiliko ya tabianchi, zile zinazokwenda na FLLoCA, mpango wa kufadhili kazi za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji. Kila wadi ina kamati yake ya kupanga mambo hayo, na ukame ni hoja isiyohitaji kupambwa. Mtafuteni mjumbe wa kamati ya Wadi ya Faza kabla ya kumtafuta mheshimiwa yeyote. Kama kikundi kinataka vifaa vyake chenyewe, cherehani au mahema na viti vya kukodisha, hapo ni NGAAF, mfuko wa serikali kuu wa makundi yaliyoachwa nyuma, kupitia ofisi ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, na hiyo ni ruzuku kweli. Mfuko wa Uwezo ni mkopo usio na riba. Hazina ya Hustler nayo ni mkopo. Tumeona vikundi vikizitumia kama sadaka na kujikuta vinadaiwa.

Nyumba za wajane ni habari nzito zaidi, na hatutawadanganya. Hakuna mfuko wa kudumu wa serikali unaompa mtu binafsi fedha za kuezeka nyumba yake. Tozo ya nyumba chini ya sheria ya 2024, ile asilimia 1.5 ya mshahara, inajenga nyumba za kuuzwa, na mnunuzi hujiandikisha kwenye tovuti ya Boma Yangu na kuweka akiba. KISIP, mradi wa kuboresha mitaa ya mabanda, huleta barabara, taa, mifereji na hatimiliki mitaani. Haigusi paa la mtu. Kinachowezekana ni kuomba kitu cha umma kinachowafaa wajane hao wote kwa pamoja: mfereji unaozuia maji kuingia vyumbani, choo cha mtaa, au kupimiwa ardhi. Anayewaahidi mabati ya bure kwa ada ya fomu ya shilingi elfu mbili ni mwizi. Fomu za ruzuku za serikali haziuzwi.

Sasa kalenda, na hapa ndipo barua zenu tatu zilipopotea. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Lakini mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata lazima ufike bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, yaani miezi kumi kabla fedha zenyewe hazijaanza kutumika. Mkakati wa fedha hufuata kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti 30 Aprili. Watu hujaa ukumbini Aprili na Mei kwa sababu hapo ndipo matangazo hupamba moto, kumbe wakati huo vita ni vya kugawana miradi iliyokwisha kuorodheshwa. Mradi usiokuwamo kwenye mpango wa Septemba huingizwa Mei kwa kufukuza mwingine. Mikutano ya kwenda ni ya Julai na Agosti, ile yenye viti vitupu.

Jambo la pili linaloua maombi ni ardhi. Fedha za umma hazimwagwi juu ya kiwanja chenye ubishi, na pwani yetu ni wapi pasipo ubishi? Jabia likiwa kwenye ardhi ya jamii isiyosajiliwa, sheria ya 2016 inasema kaunti ndiyo inayoishika kwa niaba ya wenyeji. Mnahitaji muhtasari wa baraza unaoonyesha kwamba wanakijiji wamekubali, mchoro wa eneo, na barua ya ofisi ya ardhi ya kaunti. Likiwa kwenye kiwanja cha msikiti, ulizeni kama ni wakfu na nani msimamizi wake. Idhini yake iwe ya maandishi. Neno la imamu baada ya sala ya Ijumaa, hata likisikiwa na watu mia, halina faili. Malindi kuna fundo lake: nyumba isiyo na ardhi. Mtu ana kuta, mwingine ana kiwanja, na kodi ya ardhi hulipwa kila mwezi. Kuweka mradi hapo bila saini ya mwenye kiwanja ni kumjengea yeye.

Tatu ni makadirio ya gharama. Afisa akiona "jabia, shilingi milioni moja" anajua hakuna aliyepima. Anzeni na maji: milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Sakafu ya kukingia ya mita mraba 200, mvua ya milimita 500, toeni sehemu ya tano inayopotea, mnabaki na lita 80,000. Hesabu hiyo ndogo ina nguvu kuliko kurasa mbili za "tunateseka sana".

Kisha bei. Makadirio mengi yanayotufikia yameandikwa kwa bei ya dukani bara, kana kwamba saruji inaogelea. Mfuko mmoja hupanda lori, hushushwa Mokowe, hupakiwa jahazini, hushushwa tena, kisha hubebwa na punda au mkokoteni. Kila hatua ina mchukuzi na mchukuzi ana bei. Ziandikeni zote mstari kwa mstari, na ongezeni mifuko mitatu kwa kila mia ya kuchanika na kuloa. Mchanga usiwe wa ufuoni: chumvi yake hula nondo, na sakafu hupasuka. Wa vilima vya Shela pia usiguswe, kwa kuwa vilima vile ndivyo vinavyochuja maji ya kunywa ya Lamu mjini. Kwa mji wa kale wa Lamu, ulio Urithi wa Dunia tangu 2001, pitieni kwanza ofisi ya Makavazi ya Kitaifa. Ukuta wa mawe ya matumbawe unataka chokaa. Saruji huziba unyevu ndani, plasta ikabanduka, na makadirio yenye saruji hurudishwa.

Fikirieni pia msimu. Fedha nyingi huachiliwa mwishoni mwa mwaka wa fedha, Aprili hadi Juni, wakati mvua za masika na kusi, upepo mkali wa kusini, vimeshikana. Jahazi haliendi, saruji inaganda ghalani, na ifikapo 30 Juni fedha zisizotumika zinarudi. Katika ombi lenu semeni ni vifaa gani vitasafirishwa kabla ya kusi.

Na mjue hata mkikubaliwa, kaunti haitawakabidhi hundi. Itatangaza zabuni, na nyinyi mtakaa kwenye kamati ya kusimamia. Ulizeni mapema nakala ya mkataba na vipimo, maana bila karatasi hiyo mkandarasi akimwaga zege nyembamba mtabaki kulalamika kwa macho tu.

Kila mnachopeleka kiwe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Ofisi ikikaa kimya, tumieni sheria ya kupata habari ya 2016: mnaandika mkiuliza mradi uko hatua gani, nao wana siku 21 kujibu. Wakinyamaza, malalamiko huenda Tume ya Haki ya Utawala.

Kwa kina mama wa Kizingitini, basi: kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, cheti cha ustawi wa jamii kikiwa hai, akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Mkutano wa Agosti nendeni na karatasi nne tu. Ombi la jabia peke yake, ukurasa mmoja. Muhtasari wa baraza na barua ya ardhi. Hesabu ya maji. Makadirio yenye jahazi na punda ndani yake. Mfereji wa mtaa wa wajane uwe ombi jingine, lipelekwe siku hiyo hiyo, kwa bahasha yake.