Barua kwa mwanangu: kuhusu sororiti unayotaka kuingia

Columbus, Ohio

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo nyumbani. Wadogo zako wanakusalimu, na baba yako amerudi salama kutoka Dallas.

Uliniuliza kwenye simu mambo mawili: ukijiunga na sororiti, hicho chama cha udada cha wasichana wa chuo, tutaona umetutupa, na siku ya kutambulishwa wanachama wapya tutakuja? Nikakwambia subiri nikuandikie, kwa sababu nilikuwa naingia zamu na jambo hili si la kujibiwa mlangoni.

Hujatutupa, mama. Ila sisi tumesoma Tanzania. Chuoni kwetu kulikuwa na serikali ya wanafunzi, kwaya, umoja wa watu wa mkoa fulani, basi. Vyama hivi vya majina ya herufi za Kigiriki, sororiti za wasichana na fraterniti za wavulana, hatukukua navyo. Tulivijulia kwenye filamu, na kwenye filamu ni bia na makelele mwanzo hadi mwisho. Shangazi yako nilipomtajia Delta Sigma Theta, hiyo sororiti ya wanawake weusi unayoitaka, alisema neno moja tu: Frimasoni. Ndiyo maana kabla ya kukujibu niliuliza watu na kusoma.

Yule mama ninayefanya naye zamu ya usiku, aliyetuletea pai ya viazi vitamu Krismasi, ni Delta tangu ujana wake. Mumewe alipofariki nilikwenda kumpa pole. Unajua msiba wa huku, watu wanakaa saa mbili wanaaga. Kuna wanawake hawakuaga. Mmoja alisimama kwenye sinki mpaka chombo cha mwisho, mwingine alishika simu ya mfiwa na kujibu kila aliyepiga. Wa tatu alikaa naye mezani na makaratasi ya bima, anamsomea ukurasa kwa ukurasa, anamwekea alama ya kalamu pale pa kusaini. Nilidhani ni ndugu zake wa damu. Kumbe waliingia pamoja chuoni, na tangu hapo ni watu wa kufa na kuzikana. Baada ya kuyaona yale siwezi kukwambia kwamba pale hakuna kitu.

Historia ya vyama vya watu weusi nayo imenigusa. Fraterniti ya Alpha Phi Alpha ilianzishwa na vijana saba weusi pale chuo kikuu cha Cornell mwaka 1906, wakati wanafunzi weusi pale walikuwa wachache mno na baadhi waliondoka wasirudi. Walihitaji mtu wa kusoma naye na wa kumshika mkono. Sororiti ya Alpha Kappa Alpha ikafuata mwaka 1908 chuo kikuu cha Howard, Washington, na Delta yako mwaka 1913, hapohapo Howard. Wasichana 22. Hata miezi miwili haikutimia, tarehe 3 Machi wakaingia barabarani kwenye maandamano ya wanawake kudai kura, na kulikuwa na waandaaji waliotaka wanawake weusi wawekwe nyuma. Baba yako aliposikia kwamba Nkrumah wa Ghana na Azikiwe wa Nigeria walikuwa wanachama wa fraterniti moja ya weusi, Phi Beta Sigma, alivua miwani akaomba nimsomee tena.

Hiyo sororiti nyingine uliyonitajia, ya wazungu, yenye jumba kubwa na wiki nzima ya kutembelea nyumba hadi nyumba mkikaguliwa, sitaki kuihukumu bila kuijua. Lakini ujue huo ni mfumo mwingine, wenye historia yake. Chuo kikuu cha Alabama, mwaka 2013, gazeti la wanafunzi lilifichua jinsi wasichana weusi walivyokuwa wakikataliwa katika sororiti za wazungu, na hapo ndipo chuo kilipowalazimisha kufungua milango. Wasichana walio kwenye jumba lile wanaweza kuwa watu wema kabisa. Mimi nauliza tu, ukiwa na miaka 40 na umefiwa, nani kati yao atakuja kukaa mezani na makaratasi yako? Delta wana matawi ya waliohitimu, hata hapa Columbus wapo, na mtu anaweza kuingia baada ya kumaliza chuo. Kwa hiyo usikubali mtu akuharakishe kana kwamba mlango unafungwa muhula huu.

Sasa lile linalonikosesha usingizi.

Siri zenyewe haziniogopeshi. Wana kiapo, wana ibada zao za ndani, hawazisemi kwa mtu wa nje, na hilo naliheshimu. Wapo wanawake Wakristo waliotoka hadharani wakisema viapo vile havikukaa vizuri na imani yao, kwa hiyo waulize wakubwa mapema, na moyo ukikataa usitamke. Ninachokiogopa ni siri ya pili, ya kufichana maumivu. Kupigwa, kunyimwa usingizi, kunyweshwa, kutumwa usiku wa manane, halafu unaambiwa dada wa kweli hasemi.

Mwaka 2017, chuo kikuu cha Penn State, kijana wa miaka 19 alinyweshwa pombe usiku wa kuingizwa fraterniti, akaanguka ngazi. Wenzake walimwacha amelala, ikapita karibu nusu siku kabla ya mtu kupiga simu. Alikufa. Hapa kwetu Ohio, chuo cha Bowling Green, Machi 2021, kijana wa miaka 20 alitakiwa amalize chupa nzima ya pombe kali, naye akafa. Usidhani ni mambo ya wavulana wa kizungu tu. Vyama vinane vya watu weusi vilipiga marufuku ule mtindo wa zamani wa kuwatesa wapya mwaka 1990, na bado unafanywa kwa kificho. Mwaka 2002 wasichana wawili weusi walizama baharini Los Angeles usiku, na familia zao zilikwenda mahakamani zikisema walikuwa katika maandalizi ya kuingia sororiti.

Mimi ni muuguzi, nakuomba unisikilize hapa kama muuguzi. Aliyelewa akaanguka hafai kuachwa "alale ataamka". Mlaze ubavu, usimwache peke yake, piga 911. Nipigie mimi baadaye. Asikutishe mtu kwamba utalitia tawi matatani.

Na kuna hatari ambayo wazazi wengi hawaifikirii. Mwaka huu wewe ni mgeni, mwakani wewe ndiye mwenyeji. Nilisoma bweni. Kidato cha kwanza tulikuwa njuka, tunachota maji ya wakubwa, tunafua sare zao. Jirani yangu wa kitanda alikuwa analia chini ya blanketi ili asisikike. Alipofika kidato cha tatu yeye ndiye aliyekuwa anawaamsha wadogo saa tisa usiku, na alikuwa mkali kuliko wale waliomliza. Hakuwa mtoto mbaya, aliona ni zamu yake. Sitaki uniletee hiyo zamu. Ohio ina sheria ya mwaka 2021 inayoitwa Collin's Law: kumlazimisha mtu pombe akadhurika ni kosa kubwa la jinai, na aliyejua akanyamaza, kama kazi yake inamtaka atoe taarifa, naye hasalimiki. Sisi bado tunasubiri uraia. Kesi ya namna hiyo haitaishia kwako.

Sheria hiyohiyo inavitaka vyuo vitangaze matawi yaliyopatikana na hatia, na tangu mwisho wa 2024 kuna sheria ya nchi nzima inayodai ripoti kama hizo. Ifungue ya chuo chako usome jina la tawi hilo, si jina la Delta la kitaifa. Tawi moja laweza kuwa la heri na jirani yake likawa la balaa. Kisha tafuta wasichana walioanza kuingia wakaishia njiani, uwaulize kwa nini. Waliomaliza watakusifia, wana sababu ya kusifia.

Fedha tutaongea ukishapata gharama zote kwa maandishi: ada ya kuingia, ada ya kila mwaka, nguo, safari. Usikope kwa ajili ya koti la chama. Nusu nitatoa mimi, nusu utatoa kwenye kazi yako ya maktaba.

Baba yako ana ombi moja: apate jina la mlezi wa tawi na namba yake, amsalimie tu. Najua utaona aibu. Mpe.

Kuhusu kuja, tutakuja. Yule mama wa zamu ameshanionyesha video ya tawi lao, wasichana wamepanga mstari kwa urefu, nyuso zimefunikwa, wanataja waanzilishi wote 22 bila kukosea, wanakanyaga miguu pamoja hadi sakafu inaitikia. Anasema wazazi hukaa mbele. Shangazi yako naye anataka kuja, ili ajionee mwenyewe. Ukipata tarehe nitumie siku hiyohiyo, ratiba ya wodi inapangwa mapema na usiku wa Jumamosi ni vigumu kubadilishana.

Mama yako