Mkono unatoka kwenye sufuria kabla hujasikia kuungua

Dada, umeuliza inakuwaje mkono uruke kwenye sufuria ya moto kabla hujasikia maumivu, kama vile ubongo umelala. Haujalala, haukuulizwa tu! Taarifa ya joto inatoka kidoleni hadi ndani ya uti wa mgongo, na palepale neva nyingine zinaamuru misuli ya mkono ijikunje. Nakala ya taarifa inaendelea kupanda kichwani, lakini ikifika, mkono umeshatoka.

Halafu maumivu yenyewe huja mara mbili. Nyuzi za neva zenye ala nyembamba ya mafuta, yaani mayelini, hupeleka ule mchomo mkali wa kwanza kwa mwendo wa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Zile zisizo na mayelini hujikongoja, mita 2 kwa sekunde au pungufu, ndizo zinazoleta ule uchungu wa kuwaka. Ukijikwaa kidole cha mguu utaliona hilo vizuri zaidi kwa sababu njia ni ndefu: kuna kale kamuda unajua kabisa kwamba inakuja.

Ila ubongo una kauli yake pia. Mtu aliyebeba sufuria ya uji huku mtoto anacheza miguuni pake anaweza kuishikilia hadi aitue, kwa sababu amri kutoka juu huizuia ile ya uti wa mgongo.

Kidole chako kiweke kwenye maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Dawa ya meno iache.