Tumbo la Jumatatu na maswali mengine ya wazazi

Mwanangu yuko darasa la pili. Kila siku ya shule anaamka na tumbo linauma, ikifika saa nne anacheza. Ananidanganya?

Hapana, linauma kweli. Hofu huvuruga mwendo wa utumbo, na mtoto wa miaka saba hana neno "wasiwasi", ana neno "tumbo". Kwanza ondoa ugonjwa: homa, kutapika, damu kwenye choo, kupungua uzito, au maumivu yanayomwamsha usiku ni mambo ya hospitali. Hayapo? Andika kwenye daftari siku na saa ya maumivu kwa wiki mbili. Yakikosekana Jumamosi na wakati wa likizo, chanzo kitafute shuleni.

Usimuulize "una tatizo gani?", atakujibu "sina". Muulize anakaa na nani dawati moja, mapumziko anakuwa wapi, mwalimu gani anamwogopa, choo cha shule kikoje. La choo si mzaha: anayejibana kutwa kwa kuogopa choo kichafu hupata choo kigumu, na tumbo lake huuma hata Jumapili.

Wakati unachunguza, aende shule. Akibaki nyumbani tumbo linapoa palepale, naye anajifunza kwamba dawa ni kubaki. Kesho yake hofu imeongezeka. Akikwambia anapigwa au anaguswa vibaya, hapo ni jambo jingine: asirudi mpaka uonane na mwalimu mkuu, na kuguswa karipoti pia polisi, dawati la jinsia na watoto.

Binti yetu ana miaka 12, Septemba anafanya mtihani wa darasa la saba. Nyumbani anajua, kwenye jaribio anasahau yote. Tumwongezee tuisheni?

Msiongeze, huenda hata iliyopo ipunguzwe. Umri wake unataka usingizi wa saa 9 hadi 12. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe amelala saa mbili usiku, na ubongo hupanga aliyoyasoma wakati amelala.

Mfundisheni kupumua: avute hewa puani kwa hesabu ya nne, aitoe taratibu mdomoni kwa hesabu ya sita, mara tano. Kosa la wengi ni kulifundisha hili asubuhi ya mtihani. Alifanye kila jioni akiwa ametulia, wiki mbili au zaidi, mwili uzoee. Mara moja kwa wiki afanye karatasi ya zamani kwa saa ya ukutani, akianza na maswali anayoyaweza. Na ule utani wa mjomba, "ukifeli utachunga mbuzi", ukomeshwe.

Bibi yao amefariki. Mdogo, miaka minne, tulimwambia bibi amelala. Sasa hataki kulala.

Amewaelewa vizuri mno. Mngesema amesafiri, angemsubiri arudi. Mwambieni leo, mchana, mkiwa mmempakata: "Bibi amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii maumivu, na hatarudi. Si kwa sababu ya kitu ulichosema au kufanya." Maneno ya dini yafuate baada ya hayo, yasiyafunike. Atauliza tena na tena, pengine katikati ya chakula. Mjibuni kwa maneno yaleyale. Akilia kisha akakimbilia mpira, msimwone hana uchungu. Watoto huomboleza kwa vipande.

Wa miaka minane alishaacha kukojoa kitandani, ameanza tena.

Mpime mkojo na sukari kwanza. Majibu yakiwa safi, tazama kilichobadilika nyumbani au shuleni. Kumwanika na godoro lake mbele ya majirani kunazidisha.

Kijana wa kidato cha pili amesema "bora nife". Tumpuuze, si anatafuta huruma?

Msimpuuze. Mkae naye faraghani, mmuulize waziwazi: "Unafikiria kujiua? Umepanga namna?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Sumu ya panya, dawa za shambani na vidonge vyote vitoke nyumbani, kuficha juu ya kabati hakutoshi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kwa ushauri, simu ya watoto 116 ni bure Tanzania na Kenya. Kama ameshakunywa kitu, msimtapishe wala kumpa maziwa. Mkimbizeni hospitali, na mbebe chupa au pakiti yake ili daktari ajue ni nini.