Kiwanja cha wachumba na jina la mmoja
Dada yangu, umeuliza kama uchumba wenu utadumu ilhali mwenzako hukasirika kila unapotaja fedha, na sasa anataka mchangie kiwanja kitakachoandikwa jina lake peke yake. Mimi ningeangalia kwanza mnavyogombana, kwa kuwa anayenuna kutwa kisha akarudi kuzungumza ni tofauti kabisa na anayekufanya uogope kuuliza. Kuhusu kiwanja, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huchukulia mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja kuwa ni yake, hadi ithibitishwe vinginevyo. Nanyi hata ndoa hamjafunga. Mwombe majina yote mawili yaingie kwenye hati ya mauziano, na usikilize kwa makini atakavyokujibu.