Kwa wasimamizi wapya wa wadi: kabla hujaitisha baraza

Juzi nilikaa viti vya nyuma kwenye kikao cha bajeti, kimya, sikujitambulisha. Mbele walikuwa vijana wetu wawili walioajiriwa karibuni. Wana bidii, wamesoma, mashati yamepigwa pasi. Orodha ya mahudhurio ilianza kuzungushwa kabla dua haijaisha. Karatasi za mapendekezo zilikuwa za Kiingereza kitupu. Mzee mmoja akasimama kuulizia mtaro unaomwaga maji nyumbani kwake kila masika, akajibiwa, "Tumelichukua, mzee wetu." Nikatazama kalamu ya aliyejibu. Ilikuwa na kifuniko chake.

Nilirudi nyumbani na uchungu, kwa kuwa yote yale nimeyafanya mimi, na mengine yaliumiza watu. Wadogo zangu, nawapenda, na subira yangu inaelekea ukingoni. Hebu tuelewane.

1. Siku na saa. Ijumaa saa sita mchana usiitishe kitu. Kila mwaka hutokea mmoja anayesema, "Tutamaliza kabla ya khutba," na sijamwona bado aliyemaliza. Mchuuzi wa soko la Kongowea, hapa kwetu Mombasa, ameamka kabla ya alfajiri, hataacha meza yake asubuhi aje kukusikiliza wewe. Mtu wa Likoni anayefanya kazi kisiwani hurudi na feri jioni. Ramadhani nayo hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana haikufai. Tena msiiogope Ramadhani. Maoni mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika niliyapata baada ya tarawehe, kwenye baraza la nyumba moja Mji wa Kale, muuza kahawa akigonganisha vikombe na watu wakigombania nafasi ya kusema. Palikuwa na mzee aliyejua kila bomba la mtaa ule limepita wapi, na hakuwahi kukanyaga ukumbi wetu hata siku moja.

2. Jueni lililo letu na lisilo letu. Polisi, barabara kuu na shule za msingi ni za serikali kuu. Feri ya Likoni nayo huendeshwa na serikali kuu, ingawa Katiba inazitaja feri kwa kaunti. Taka, masoko, zahanati na chekechea ni zetu sisi wa kaunti. Someni Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi hizi, mpaka mlijue kama nambari zenu za simu. Lakini mtu akiuliza la feri usimwambie "hilo si letu" ukageuka. Mwambie aende kwa nani.

3. Orodha ya mahudhurio. Hapa nitakaa.

Ilikuwa Februari, nami mgeni kazini kama ninyi. Waraka wa mikakati ya fedha sharti ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 28, na mkononi nilikuwa na bandari moja ya wavuvi ambayo mradi wake haukuwa na sahihi hata moja ya mwananchi. Nikaitisha kikao saa nne asubuhi, kwenye darasa la shule lililo hatua chache kutoka ufukweni. Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza mtoto yeyote wa mtaa ule angeniambia kwamba Februari ni kaskazi, bahari imetulia, na mvuvi hakai nchi kavu. Waliokuja ni wazee wachache, vijana wa maskani ya jirani waliosikia kuna soda, na wenye nyumba wawili wa kule barabarani. Nikawasomea mradi: banda la saruji, sakafu ya vigae, meza za kuparia samaki, lango la chuma. Nani anaunga mkono? Mikono ikainuka. Kikao kilichukua dakika 50 na orodha ikarudi na sahihi 47. Nilitoka pale nikijiona nimefanya kazi.

Banda likajengwa. Mahali palipochaguliwa kwenye mchoro palionekana patupu, chini ya mkwaju, karibu na maji. Hapakuwa patupu. Ndipo kina mama karanga, wanaokaanga samaki wa kuuza, walipokuwa na majiko yao, wengine wamerithi mawe ya jiko kutoka kwa mama zao. Samaki akishuka mashuani hapo hapo huparwa, hutiwa chumvi, akaingia karaini. Siku ya kikao changu, saa nne ile, wao walikuwa kwenye moshi huo wakinisikia nikijaribu kipaza sauti. Hakuna aliyetumwa kuwaita. Mkandarasi alipofika, majiko yote yaling'olewa kwa nusu saa.

Kesho yake Bi mkubwa mmoja alikuja ofisini. Amejifunga buibui, mkononi ameshika karai jeusi, akaliweka mezani juu ya faili zangu. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, nimesikia sote tumekubali. Nisomee jina langu."

Nikafungua faili nikaanza kusoma. Kila jina alikuwa na neno lake. "Huyo mpwa wangu, ni fundi baiskeli, samaki kwake ni wa sahani tu. Huyo amehamia mwezi uliopita. Huyo yuko Saudia mwaka wa pili sasa, ametia sahihi vipi?" Nilisoma yote 47. Lake halikuwamo, wala la mwenzake yeyote. Nikamwomba radhi. Akaniuliza kesho akaangie wapi. Sikuwa na jibu, na nilimtazama akichukua karai lake akaondoka nalo.

Walihamia kando ya barabara, mbali na maji, wakawa wanawalipa vijana kuwabebea matenga. Faida ya siku ikaliwa na ubebaji. Wawili waliacha biashara mwaka ule ule. Mmoja wao alikuwa na binti kidato cha tatu, na najua binti yule alivyokaa nyumbani muhula mzima. Banda lenyewe lilikatwa utepe, na baada ya miezi miwili likawa stoo ya viti vya kukodi vya harusi. Kwenye faili kila kitu kilikuwa sawa: picha, muhuri, sahihi. Ukaguzi ulipita bila swali. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakuna mkubwa aliyewahi kuniita anihoji. Aliyenihoji ni yeye.

Kwa hiyo nikiona orodha inazungushwa kabla dua haijaisha, roho yangu hushtuka. Izungusheni mwisho. Andikeni mbele ya kila jina mtu anafanya kazi gani na anakaa wapi. Kisha ikaeni muitazame, mjiulize mradi huu utamgusa nani ambaye hayumo.

4. Msidhani ni adabu tu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Vifungu 174 na 196 vya Katiba, vinavyotaka wananchi washirikishwe, vinasomeka vizuri tu, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imewataja ninyi wasimamizi wa wadi kwa cheo chenu.

5. Tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka 1 Septemba, mikakati ya fedha 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili. Mkianza kuzunguka mitaani wiki moja kabla, mmeshachelewa. Anzeni miezi miwili nyuma.

6. Matangazo yawe ya Kiswahili, na ya mdomo. Bango la ukutani husomwa na aliyelibandika. Msikitini, kanisani, maskani, kwa muuza mahamri. Mwombeni imamu atangaze, atawatangazia bila malipo. Mzee wa mtaa mtembeleeni kwanza, lakini msiishie kwake, maana naye ana shemeji zake.

7. Rudini. Mkichukua maoni, rudini mseme lipi limeingia, lipi limekataliwa na kwa nini. Nilichukua miaka kabla ya kurudi pale bandarini. Nilikwenda baada ya Alasiri, mashua zimeshashusha, nikaketi juu ya dau lililopinduliwa. Bi mkubwa ndiye aliyeongoza kikao, mimi nikiandika. Kuhusu vigae hakuna aliyetaka kusikia. Walitaka bomba la maji, paa la kuzuia mvua juu ya majiko, na taa ya usiku wa mashua zinazochelewa. Na ukuta wa upande wa bahari uondoke. Umeondoka. Majiko yamerudi chini ya mkwaju, mawe mapya. Bomba limefika, taa bado, na kila nikipita huniuliza habari ya taa.

Nakwenda tena Jumatano ijayo kuwapa jibu la taa hiyo. Anayetaka kuja anikute kwenye feri upande wa kisiwani saa tisa, aje na kalamu, na viatu visivyoogopa maji ya chumvi.